Bia Isiyo na Pa Kujificha

Wali mweupe hauna wa kuusitiri. Ukiungua kidogo tu, kila aliyekaa mkekani anajua; ukiwa na chembe ya mchanga, jino la kwanza linaitambua. Pilau husamehewa mengi kwa sababu ya bizari na karafuu zake. Pilsna ya Kijerumani ndiyo wali mweupe wa watengeneza bia. Baada ya miaka ya kukaa kwenye meza za waonjaji huko Ujerumani, nimeamini kwamba hakuna bia ngumu kuipatia kama hiyo, wala ngumu kuihukumu kwa haki.

Ina vitu vinne tu: maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira. Amri ya Bavaria iliyotangazwa mjini Ingolstadt tarehe 23 Aprili 1516 ilitaja vitatu vya kwanza. Kazi ya hamira ilikuwa haijajulikana bado. Kimea cha pilsna hukaushwa kwa joto dogo ili kibaki cheupe, kwa hiyo hakina karameli wala ladha ya kuchomwa ambayo mpikaji angeweza kuifanya pazia. Hamira yake ni ile inayopenda baridi, inayofanya kazi polepole kwenye nyuzi joto 8 hadi 12, kisha bia inalazwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi 0. Ikitoka hapo inatakiwa iwe ya dhahabu iliyopauka, angavu, kavu, chungu bila ukatili, yenye kilevi cha kati ya asilimia 4.4 na 5.2. Harufu yake ni ya mkate mweupe na maua, pamoja na majani makavu ya hopsi. Kitu kingine chochote kikiingia, kinaonekana.

Nimefundishwa kuonja na watu wawili wasiojuana.

Wa kwanza alikuwa bibi yangu, kule Machame. Alipika mbege, na siku ya kupika nyumba nzima ilijua: ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, na gome la msesewe la kuleta uchungu. Kabla wazee hawajafika, bibi alikuwa na desturi ya kuonja kwanza, halafu kumpa mtu mwingine mzima aonje. Mimi nilikuwa mdogo, nikikaa kando nikisikiliza. Shangazi akisema, "Mama, ni nzuri," bibi hakuridhika. "Sijakuuliza kama ni nzuri. Niambie imefanyaje." Basi shangazi alirudi kwenye kata, akanywa tena taratibu, akasema: ulezi umezidi, au msesewe umechelewa, au hii imekwisha kuchachuka, isingoje kesho. Hapo ndipo bibi alipotikisa kichwa kukubali na kuamua la kufanya.

Wa pili alikuwa mwalimu mmoja wa Berlin, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Nilikwenda mji ule kusomea utengenezaji wa bia. Berlin ina taasisi ya VLB, iliyoanzishwa mwaka 1883, na wapikaji bia kutoka kila bara hupita huko kujifunza. Somo la kuonja lilikuwa asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, wakati pua bado ina njaa. Tuliwekewa glasi ndogo za bia ileile nyepesi, na katika kila moja kilikuwa kimetiwa tone la kosa fulani. Kazi yetu ilikuwa kunusa, kuandika tulichokipata, kisha kueleza kilitoka wapi.

Ninazikumbuka glasi zile moja moja. Mojawapo ilinuka mahindi ya kuchemsha, yale ya kopo hasa. Hiyo ni dimethili salfaidi, ambayo watu wa kazi hii huiita DMS. Kimea cheupe hubeba asili yake nyingi kuliko kimea kilichokaushwa kwa moto mkali, na dawa yake ni kuchemsha: ikichemka vizuri bila kufunikwa, inapaa na mvuke. Mpikaji akibana gharama za nishati na kupunguza muda wa kuchemsha, au bia ikikaa moto kwa muda mrefu kabla ya kupozwa, mahindi yanabaki ndani. Glasi nyingine ilinuka siagi iliyoyeyuka. Hiyo ni diasetili, na hamira ndiyo huizaa, halafu mwishoni hamira hiyohiyo huimeza ikipewa muda na joto kidogo. Ukiiona siagi kwenye pilsna ya Kijerumani, mara nyingi umemwona mpikaji mwenye haraka, aliyeipoza bia kabla hamira haijasafisha nyumba. Inaweza pia kuwa ni mipira michafu ya kutolea bia kwenye baa, maana kuna bakteria wanaozaa siagi ileile. Kulikuwa na glasi ya tofaa bichi, ishara ya bia iliyoondolewa ikiwa changa, na ya boksi lililolowana, ambayo ni kazi ya oksijeni na umri.

Halafu ilikuja glasi ya mwanga. Wazungu wanaifananisha na mnyama wao ambaye sisi hatuna, lakini mimi sikuhitaji maelezo: ilikuwa kicheche mtupu. Mwanga wa jua ukiigonga bia, unavunja kiungo kimoja cha uchungu wa hopsi, nacho kikishikana na salfa kinazaa harufu hiyo, kali kiasi kwamba pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa kidogo kupita kipimo cha kawaida. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe haizuii kitu. Mwalimu alichukua bia kutoka chupa moja, akaigawa kwenye glasi mbili, moja akaiweka dirishani penye jua na nyingine kabatini. Alipoturudishia muda mfupi baadaye, hakuna aliyeamini kwamba zilitoka chupa moja.

Mwenzetu mmoja hakuweza kabisa kuinusa siagi. Aliongezewa kipimo, ikaongezwa tena, hakupata kitu. Alisononeka. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba watu wengi wana tundu la namna hiyo katika pua zao, wamezaliwa nalo, na kwamba ndiyo sababu jaji wa bia haketi peke yake. Nililibeba neno hilo. Tangu hapo, mtu mezani akisema ananusa kitu nisichokipata, ninaanza kwa kuamini kwamba huenda kipo.

Historia ya pilsna yenyewe inaanzia kwenye hukumu. Mji wa Plzeň uko Bohemia, Jamhuri ya Czech ya leo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1838 wenyeji walichoshwa na bia mbovu ya mji wao, wakamwaga mapipa 36 mbele ya jumba la halmashauri. Wakajenga kiwanda kipya na kumwajiri mpikaji Mbavaria, Josef Groll, kutoka Vilshofen. Tarehe 5 Oktoba 1842 alipika bia yake ya kwanza pale, kwa kimea cheupe, hopsi za Žatec na maji laini mno ya Plzeň. Bia nyingi za enzi ile zilikuwa nyeusi au za rangi ya udongo. Ile ikatoka ya dhahabu. Wajerumani waliichukua na kuifanya yao. Mashine za kupoza za Carl von Linde, zilizoanza kutumika katika viwanda vya bia katika miaka ya 1870, ziliwawezesha kulaza bia wakati wowote wa mwaka bila kungoja barafu ya ziwani. Ya kwao ikawa kavu zaidi, imepauka zaidi, na uchungu wake umechongoka zaidi kuliko wa Wacheki, kwa sehemu kwa sababu maji ya kwao ni magumu. Kadiri unavyokwenda kaskazini kuelekea bahari, uchungu unaongezeka. Anayetaka kujua mwisho wake aionje Jever, ya kule Friesland.

Tofauti hiyo kati ya majirani wawili ndiyo iliyonifunza kazi ya jaji.

Miaka michache baada ya masomo nilialikwa kwenye mashindano ya viwanda vidogo, katika mji mmoja wa Bavaria. Nilipangiwa meza ya pilsna ya Kijerumani. Tulikuwa na mzee wa Franconia ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kupika bia, na mama mmoja wa kaskazini aliyefanya kazi ya kutengeneza kimea. Mezani palikuwa na maji, mkate mkavu, karatasi na penseli. Hakuna aliyepaka manukato asubuhi hiyo. Simu zilizimwa. Bia zililetwa kwa namba tu, katika glasi safi, kwenye nyuzi joto kama 7, kwa sababu pilsna ikiwa baridi kuliko hapo inafunga mdomo, na ikiwa ya moto uchungu unapoteza ncha.

Ziko fomu za namna nyingi, lakini ile niliyoizoea ni ya programu ya majaji wa BJCP, iliyoanzia Marekani mwaka 1985 na sasa hutumika katika nchi nyingi. Alama ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, bia inavyokaa mdomoni 5, na 10 za jumla. Watu hushangaa wakiona mwonekano umepewa alama 3 tu, wakati mnywaji wa kawaida huanza na rangi na povu. Mimi naona ni sawa. Macho hudanganyika haraka, na jaji aliyekwisha kuipenda bia kwa macho huipa pua yake maelekezo.

Pua ndiyo inayoanza, na inaanza mara tu glasi inapowekwa mezani, maana salfa na harufu nyingine nyepesi hukimbia na povu. Mnuso wa kwanza una thamani kuliko yote inayofuata. Baada ya dakika chache pua inazoea na kunyamaza. Ikichoka, unanusa mkono wako mwenyewe, harufu unayoijua, kisha unarudi. Ndipo unatazama. Ndipo unakunywa, na unameza. Waonja mvinyo hutema, sisi hatutemi, kwa sababu uchungu huchelewa kufika na huchelewa kuondoka, na namna unavyoondoka ni nusu ya hukumu. Uchungu mzuri wa pilsna unakuja, unasimama, halafu unakuachia kinywa kisafi chenye hamu ya funda jingine. Mbaya unakwaruza ulimi na kukaa kama deni. Na wakati wote huo hakuna anayezungumza. Kila mtu anaandika lake kwanza, kwa sababu mkubwa akitangulia kusema, wadogo wote watanusa alichosema.

Siku ile bia tatu zilitupa kazi.

Moja ilifunguka kwa harufu ya embe na ganda la chungwa. Ilikuwa bia tamu sana kuinywa. Moyo wangu ulikwenda kwake mara moja, na nadhani wa wenzangu pia. Lakini hopsi zile zilikuwa za aina mpya, za matunda, nazo zilikuwa zimeifunika shayiri yote. Mtu aliyeagiza pilsna ya Kijerumani asingeitambua. Tuliipa alama za chini katika kundi hilo na kuandika wazi kwamba imetengenezwa kwa ustadi, na kwamba mtengenezaji aiingize katika kundi la bia za hopsi za kisasa, huko itapata haki yake.

Ya pili ilikuwa na salfa hafifu, kama kiberiti kilichowashwa chumba cha pili. Mama wa kaskazini aliandika kosa. Mzee akamwomba asubiri. Hamira ya baridi hutoa salfa kidogo kwa asili yake, na katika aina hii inavumilika ikiwa ni mnuso wa kwanza tu kisha inapotea. Tukangoja. Ilipotea, na nyuma yake ukatokea mkate mweupe mtulivu na maua. Yule mama alifuta alichoandika bila kusukumwa, na nilimheshimu kwa hilo.

Ya tatu ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Ilikuwa angavu, povu limesimama na kuacha pete zake kwenye glasi, uchungu umekaa sawa. Lakini chini kabisa kulikuwa na siagi, kidogo sana. Mmoja wetu alisema ni nzuri, inaipa bia mwili. Na kweli, meza ya pili yake, walikokuwa wakihukumu pilsna ya Kicheki, siagi ya kiasi hicho ingepita na pengine kusifiwa, maana mapokeo ya Plzeň yanaikubali. Kwetu haikukubalika. Pilsna ya Kijerumani hujengwa juu ya ukavu na usafi, na siagi huupaka mafuta ule ukavu mpaka unateleza. Harufu ileile, kiasi kilekile, kwa jirani ni pambo na kwetu ni doa. Anayehukumu bia bila kuuliza kwanza mpikaji alikusudia kupika nini, anapima mapenzi yake mwenyewe.

Mjadala ule haukuwa wa kushindana. Tuliinywa tena, tukakubaliana kwamba siagi ipo, kisha tukaanza sehemu ninayoipenda kuliko zote: kumwandikia aliyeipika. Hatukumjua. Tuliandika kwamba bia yake imepikwa kwa mkono safi, hopsi zake zimechaguliwa vizuri, na kwamba tumekuta siagi hafifu mwishoni. Aangalie siku za mwisho za uchachushaji, aipandishe bia nyuzi joto chache kwa siku mbili hivi kabla ya kuipoza, na kama anaiuza kwenye mapipa, asafishe mipira. Maneno hayo mtu anaweza kuamka nayo kesho akafanyia kazi. Kumwandikia "haivutii" kungemuumiza bila kumsaidia, na "nzuri sana" kungemwacha alipo. Nilipokuwa nikiandika nilimsikia bibi waziwazi: niambie imefanyaje.

Mzee wa Franconia alinichukua mwishoni mwa Agosti kwenda Hallertau, eneo kubwa la hopsi kati ya Munich, Ingolstadt na Regensburg. Mimea ile hupanda kamba zinazoning'inia kwenye nguzo za mita 7 hivi, mpaka unahisi umeingia jengo la majani. Alichuma maua, akayasugua viganjani na kuniambia niingize pua yote. Kulikuwa na unga wa manjano unaonata, na ndani yake maua, nyasi, pilipili na ganda la limau kwa mbali. Uchungu wenyewe hauji mpaka hopsi zichemshwe. Joto hugeuza asidi zilizomo zikaweza kuyeyuka katika bia. Nilimweleza kuhusu msesewe, mti ambao Wachaga huuchuna gome ili kuupa mbege uchungu, na kwamba nao huhitaji mkono wa kiasi, maana ukizidi mbege hainyweki. Alinisikiliza kwa makini ya mtu wa kazi, akauliza maswali ya kitaalamu: gome la mti mzima au mchanga, linakaushwa au bichi, linaingia kabla ya ulezi au baada. Mengine ilibidi nimpigie shangazi ili niweze kumjibu.

Nimerudi nyumbani na pua hiyo, na kuna mambo yananiuma. Kreti za bia hushushwa mbele ya grosari saa nne asubuhi na kukaa juani mpaka kijana wa stoo atakapopatikana, na nyingine ni chupa za kijani. Anayeifungua jioni anakutana na kicheche na kukilaumu kiwanda, wakati bia iliharibikia pale mlangoni. Glasi huoshwa kwenye beseni moja na sahani za nyama, povu linakufa dakika ileile, kwa sababu mafuta hayapatani nalo hata kidogo. Bia hutolewa kwenye friza ikiwa karibu kuganda, na baridi ile inaficha mema yote na mabaya yote. Haya hayahitaji mashine wala fedha kuyarekebisha. Yanahitaji kivuli, beseni la pili na maji safi.

Viwanda vidogo vya bia sasa vipo Afrika Mashariki, na baadhi yake vinapika pilsna. Ninaviombea heri, na ninaviomba kitu kimoja: viwe na meza ya kuonja. Watu watano waliofundishwa, glasi safi, karatasi, ukimya wa robo saa kila bia inapotoka kulazwa, na mwenye kiwanda asiwe wa kwanza kusema. Moshi kuna waonja kahawa, Mombasa kuna waonja chai, na neno lao hupanga bei ya mzigo mnadani. Hakuna anayeona ajabu wanapoinamia vikombe na kunusa. Bia yetu nayo inastahili pua kama zile.

Nawe msomaji unayekunywa, siku utakapoirudisha chupa kwa mhudumu, usiishie kumwambia ni mbovu. Mwambie umenusa nini.